Picha ya setilaiti bila tarehe wala mahali haijathibitisha kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi moja kwa waandishi na wahariri wanaotumia picha za setilaiti na ramani za mtandaoni kuthibitisha habari zao. Kila picha ya namna hiyo inapochapishwa, iambatane na majiranukta ya mahali, yaani latitudo na longitudo yake, tarehe ambayo picha ilipigwa, jina la setilaiti au zana ilikotoka, na maneno machache ya kueleza mwandishi alivyofikia hitimisho lake. Mistari miwili chini ya picha inatosha. Siku hizi tunaonyeshwa mduara mwekundu juu ya paa fulani, tunaambiwa kwamba picha za setilaiti zimethibitisha, na habari inaendelea kana kwamba setilaiti ni shahidi aliyekwisha kula kiapo.

Ombi hili lisingekuwa na maana kama zana zenyewe zingekuwa siri ya wachache. Nguvu yote ya uchunguzi wa vyanzo vya wazi, yaani uchunguzi unaotegemea taarifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata kwa njia halali, inatokana na ukweli kwamba msomaji anaweza kuirudia kazi ya mchunguzi hatua kwa hatua akaona kama naye atafika palepale. Mwandishi anayeficha majiranukta ameufuta uwazi huo, na msomaji hana budi kumwamini kwa jina tu, kama tulivyozoea kuziamini taarifa za idara za usalama tusizo na uwezo wa kuzihoji.

Uwazi wenyewe ni wa juzijuzi. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, mpango wa Marekani wa kuipiga picha dunia, ilirushwa mwaka 1972, lakini hazina ya picha zake ilifunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 2008. Google Earth ilitoka mwaka 2005, na toleo lake la Pro, lililokuwa likiuzwa dola 399 za Marekani kwa mwaka, likawa la bure Januari 2015. OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, wachoraji wake waliokuwa mbali kabisa na kisiwa hicho walijaza barabara na majengo ya Port-au-Prince kwa kufuata picha za angani, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Umoja wa Ulaya, kupitia mpango wake wa Copernicus, ulirusha Sentinel-2 ya kwanza mwaka 2015, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote anayezitaka. Hakuna ruhusa inayoombwa popote.

Mfano bora ninaoujua wa kazi iliyofanywa kwa uwazi unatoka Kameruni. Julai 2018 ilisambaa mitandaoni video ya wanaume waliovaa sare za kijeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wakawaua kwa risasi. Serikali iliikana. Wachunguzi wa BBC Africa Eye, wakishirikiana na Amnesty International, Bellingcat na wachambuzi wengine wa mtandaoni, hawakuanzia kwenye sare wala kwenye nyuso, kwa kuwa sare hushonwa popote na mtu anaweza kufanana na mwenzake. Walianzia kwenye milima. Sehemu ya mwanzo ya video ilionyesha kwa mbali safu ya milima yenye vilele vya umbo la pekee, nao wakaigeuza mandhari ya Google Earth mpaka ikatazamwa kama anavyoitazama mtu aliyesimama chini, wakatafuta mahali ambapo mstari ule wa vilele ungelingana na ule wa kwenye video. Walihangaika muda mrefu bila mafanikio, hadi mtu aliyeijua nchi hiyo alipowadokeza watazame karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni, si mbali na mpaka wa Nigeria. Hapo vilele vikalingana, na baada ya vilele vikafuata majengo, njia na miti, kimoja baada ya kingine.

Dokezo lile halipunguzi thamani ya kazi yao hata kidogo. Wapo wanaodhani kwamba ramani hizi zimewafanya wenyeji kuwa watu wasiohitajika, kwamba kijana aliyefunga mlango na kufungua kompyuta anaweza kuijua nchi kuliko aliyezaliwa humo. Kazi hii inaonyesha vingine. Mwenyeji ndiye aliyejua pa kutazama, na ramani ndiyo iliyowezesha jibu lake lihakikiwe na watu wasiomjua wala kuhitaji kumjua, jambo ambalo bila shaka lilimsaidia pia yeye kubaki salama.

Suala la tarehe lilikuwa gumu zaidi, na jinsi lilivyotatuliwa ndiyo sehemu ninayowasihi waandishi waisome polepole. Jengo moja lililoonekana kwenye video halikuwapo kwenye picha ya setilaiti ya Novemba 2014, na jingine lilikuwa limebomolewa kufikia Februari 2016. Kwa hiyo tukio lilitokea kati ya tarehe hizo mbili. Njia ya miguu waliyopita ilionekana kwenye picha za miezi ya kiangazi pekee, kati ya Januari na Aprili. Kisha kivuli cha askari anayetembea kikatumika kama kijiti cha saa ya jua: urefu wa kivuli ukilinganishwa na kimo cha mwenye kivuli hutoa jua lilikuwa juu kiasi gani, na uelekeo wa kivuli hutoa jua lilikuwa upande gani. Mahesabu yakaangukia kati ya tarehe 20 Machi na tarehe 5 Aprili 2015. Yeyote mwenye shaka anaweza kufungua SunCalc, zana ya bure inayoonyesha mahali pa jua kwa siku na saa yoyote juu ya ramani, akaweka majiranukta na kujaribu mwenyewe. Wanajeshi walikamatwa, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu wanne kati yao kifungo cha miaka 10.

Kuhusu kivuli, kuna jambo ambalo waandishi wengi hulisahau. Ukiondoa siku mbili za jua kufika ukomo wake wa kaskazini na wa kusini, jua hupita njia ileile ya angani mara mbili kwa mwaka, likienda na likirudi. Kivuli cha mwisho wa Machi kinafanana na kivuli cha katikati ya Septemba. Kwa hiyo kivuli peke yake hutoa majibu mawili, na mchunguzi anayetaja moja bila kueleza kwa nini amelitupa la pili ameacha kazi nusu. Hapo ndipo ile njia ya miguu ya kiangazi inapojipatia thamani yake, kwa maana Septemba kaskazini ya Kameruni ni msimu wa mvua.

Makosa ya tarehe ndiyo yanayonikera zaidi katika picha tunazochapishiwa, kwa sababu yanaepukika. Picha unayoiona unapofungua ramani ya Google si ya leo, na mara nyingi si ya mwaka huu. Ni viraka vya picha nyingi vilivyoshonwa pamoja, ndiyo maana unaweza kuona mto ambao ukingo wake mmoja ni wa kijani kibichi na wa pili umekauka, wakati mto wenyewe ni uleule. Google Maps haikuonyeshi tarehe ya picha. Google Earth Pro inaionyesha chini ya skrini, na ina kitufe cha saa kinachomrudisha mtazamaji kwenye picha za miaka iliyopita. Zana ya Wayback ya Esri, kampuni ya programu za ramani, inayohifadhi matoleo ya picha tangu mwaka 2014, ina mtego wake: tarehe unayoichagua pembeni ni ya siku toleo lilipotolewa, na tarehe ya kupigwa picha hupatikana kwa kubofya mahali penyewe, ambapo huenda ukakuta picha ni ya miaka kadhaa nyuma ya toleo. Mwandishi asiyebofya ataandika kwamba kijiji kilikuwapo mwaka fulani, kumbe kilikwisha kuchomwa.

Ukubwa wa kinachoonekana nao hutumiwa vibaya. Pikseli moja ya Sentinel-2, yaani nukta moja ya picha yake, kwa ubora wake wa juu kabisa inafunika mita 10 kwa mita 10 za ardhi, na ya Landsat kwa kawaida inafunika mita 30 kwa mita 30. Kwa picha hizo utaona msitu unavyokatwa, ziwa linavyopungua, mgodi unavyopanuka, kambi ya wakimbizi inavyokua, tena Sentinel-2 hupita mahali palepale karibu kila baada ya siku 5, kwa hiyo utajua na wiki jambo lilipoanza. Hutaona mtu, na gari utaliona kama doa ukiwa na bahati. Gazeti likisema limehesabu magari ya kijeshi kwenye picha ya Sentinel-2, msomaji aliyepewa jina la setilaiti atajua papo hapo kwamba hesabu hiyo haiwezekani; msomaji asiyepewa jina atameza. Penye mawingu mazito kuna Sentinel-1, inayotumia rada na kuona usiku na mchana, ila picha zake zinahitaji jicho lililozoea. Hali ni hiyohiyo kwa FIRMS ya NASA, zana nzuri sana inayoonyesha sehemu zenye moto duniani saa chache tu baada ya setilaiti kupita: kila nukta nyekundu inawakilisha joto lililopimwa ndani ya eneo la mita 375 au hata kilomita 1, kutegemea kipimo kilichotumika, na joto hilo linaweza kuwa la nyumba zinazoungua, la mkulima anayesafisha shamba, au la gesi inayochomwa kwenye kisima cha mafuta miaka nenda miaka rudi. Nukta ikiwapo hapohapo kila wiki kwa miaka mitatu, hiyo si vita.

Yapo pia mazoea ya kuamini ramani kupita kiasi. Kisiwa cha Sandy kilionekana kwenye ramani za Google kati ya Australia na Kaledonia Mpya mpaka Novemba 2012, wanasayansi wa Australia walipopita na meli mahali hapo na kukuta bahari yenye kina cha zaidi ya mita 1,300. Mwaka 2010 kamanda wa Nikaragua aliyekuwa na watu wake katika eneo lililodaiwa na Kosta Rika alijitetea kwa kutaja mpaka uliochorwa kwenye Google Maps. Kampuni yenyewe ikakiri kwamba mstari huo ulikosea kwa hadi kilomita 2.7, na Desemba 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba eneo hilo ni la Kosta Rika. Mipaka yenye mgogoro, kama ya Kashmir, huchorwa kwa namna tofauti kutegemea mtazamaji yuko nchi gani. Nchini China ramani za barabara hutumia mfumo wa majiranukta uliosogezwa kwa makusudi kwa mamia ya mita, kwa hiyo barabara iliyochorwa inaweza kuonekana inapita katikati ya mto uliomo kwenye picha ya setilaiti. Mchunguzi anayejua hayo huandika ametumia ramani ipi. Asiyejua huandika tu kwamba ramani inaonyesha.

Ajabu ni kwamba hata ramani iliyofichwa inaweza kusema. Waandishi wa BuzzFeed News waliochunguza kambi za kuwazuilia watu huko Xinjiang, magharibi mwa China, waligundua kwamba kwenye ramani za Baidu, kampuni ya mtandao ya China, baadhi ya maeneo yalifunikwa kwa vipande vitupu mtu alipovuta picha karibu. Wakaorodhesha maeneo yaliyofunikwa, kisha wakayatazama moja moja kwenye picha za setilaiti za watoaji wengine, ambako hayakufunikwa, wakatafuta kuta, minara ya walinzi na majengo mapya. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2021. Aliyefuta ndiye aliyewaonyesha pa kutazama.

Naomba niseme kidogo kuhusu OpenStreetMap, kwa kuwa waandishi wengi huitazama kama ramani ya pili ya kutumia ile ya Google inapokataa. Tofauti yake kubwa ni kwamba chini ya mchoro kuna hifadhidata inayoweza kuulizwa maswali. Tuseme umeletewa picha ya mtaani isiyo na maelezo, na ndani yake unaona msikiti, kituo cha mafuta na reli, vyote vikiwa karibu kiasi cha kuonekana pamoja. Kwa zana ya Overpass Turbo unaweza kuiuliza hifadhidata hiyo ikutajie kila mahali katika mkoa fulani ambapo msikiti uko ndani ya mita 200 kutoka kituo cha mafuta na ndani ya mita 100 kutoka reli. Badala ya kutembeza jicho juu ya mji mzima, unabaki na orodha fupi ya kutazama, na kwa barabara zilizopigwa picha na raia unaweza kuangalia kwenye Mapillary kama nguzo na vibao vinalingana. Udhaifu wake ni wazi: kisichochorwa hakitajibu, na penye wachoraji wachache vijiji vizima havimo. Ukikosa jibu, andika kwamba hukupata. Usiandike kwamba hakuna.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba msomaji wa kawaida hana haja na tarakimu, na kwamba nafasi ya gazeti ni ghali. Msomaji wa kawaida hasomi pia mizania ya benki, na bado huchapishwa, kwa sababu anayeweza kuisoma anawalinda wasioweza. Pingamizi la pili ni zito na sitaki kulipita juu juu: majiranukta yanaweza kuua. Desimali nne zinamfikisha mtu ndani ya takribani mita 11 za mlango. Mapema mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya mazoezi ya kukimbia iliyochapishwa na kampuni ya Strava ilionyesha njia za askari kuzunguka kambi zao katika maeneo ya vita, na hakuna aliyekuwa amekusudia hilo. Kama picha inaonyesha alipojificha shahidi, kituo cha afya kinachoweza kushambuliwa, au nyumba ya mtu ambaye hajashtakiwa kwa lolote, gazeti lina wajibu wa kunyamaza. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watu waliochambua picha mtandaoni kwa nia njema walimtuhumu kijana asiyehusika kabisa, na familia yake ikaandamwa.

Hata hivyo kuna njia ya katikati. Majiranukta yanaweza kukatwa yakabaki na desimali mbili, ambazo humwelekeza msomaji kwenye eneo la takribani kilomita moja bila kumfikisha mlangoni, na gazeti likaandika wazi kwamba limeyakata na kwa sababu gani. Itifaki ya Berkeley, iliyotolewa mwaka 2020 na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inahimiza mambo haya mawili yaende pamoja: kutunza kumbukumbu ya kila hatua, na kupima hatari kwa watu kabla ya kutangaza. Iliandikwa kwa ajili ya uchunguzi unaoweza kufika mahakamani, lakini sioni kwa nini chumba cha habari kijiwekee kiwango cha chini zaidi.

Mwisho, Ndugu Mhariri, yapo mambo madogo ya utaratibu ambayo gazeti lako linaweza kuyaanza hata toleo lijalo. Latitudo iandikwe kwanza na longitudo ifuate, kwa kuwa baadhi ya programu huzipanga kinyume, na tarakimu zilizogeuzwa humpeleka msomaji baharini. Mwandishi ahifadhi nakala ya picha aliyoiona, yenye tarehe na majiranukta yake, kwani watoaji wa picha hubadilisha mkusanyiko wao bila kumtaarifu mtu. Na msomaji atakayeleta pingamizi lenye mahali, tarehe na jina la setilaiti, barua yake ichapishwe ukurasa uleule ilipotoka picha.

Wako,
Msomaji